Nina masaa manne na kitu tu Lamu, siku ya Ijumaa. Nitembee wapi kwa miguu?

Mtaita_Mzima
Wadau wa Pwani salaam. Ijumaa hii ofisi inanituma Lamu kupeleka makaratasi, sahihi mbili tatu nimemaliza. Saa tano asubuhi niko huru, na gari inatungoja ng'ambo Mokowe saa kumi kamili, dereva wetu hana masihara, akisema saa kumi ni saa kumi. Nimekaa Voi na Mombasa maisha yangu yote na Lamu sijawahi kukanyaga, aibu kweli. Sasa nimepanga nione ngome, makumbusho zote, msikiti wa Riyadha, nyumba za kale, halafu nitembee hadi Shela nikaone ule mchanga wanaopiga picha watu, nirudi. Yote kwa miguu. Inawezekana? Na vile vichochoro si nitapotea?

MwanaAmu
Karibu Amu. Nakujibu nimekaa hapa hapa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya mti. Hiyo safari yako haiwezekani ndugu yangu, au tuseme inawezekana kama umekuja kukimbia mbio.

Kwanza umesahau ni Ijumaa. Kuanzia saa sita na kitu maduka yanafungwa moja moja, watu wote wanaelekea msikitini, na mpaka kama saa saba u nusu utakuwa unatembea na paka peke yenu. Kwa hiyo shughuli zako za kuingia ndani maliza mapema.

Pili Shela. Ni kama kilomita tatu kufuata pwani, dakika arubaini na tano kwa mwendo wa mtu asiyebeba laptopu. Kwenda na kurudi saa nzima u nusu imekwisha na hujakaa hata kitako. Halafu kuna maji. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kutoka sana, saa nne asubuhi maji yametoka kabisa unapita kukavu, lakini yanajaa kwenye saa kumi, kwa hiyo ukirudi saa tisa utavua viatu na suruali uikunje. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndiyo kinyume, na hayana matata sana. Tazama mwezi kabla hujapanga.

Mimi ningekushauri hivi. Ukitoka gatini panda kichochoro mpaka Mkunguni, ngome hiyo mbele yako. Ilianzwa kama 1813 baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821, na kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela, wazee wengi hapa wanaikumbuka kwa hilo zaidi. Beba kitambulisho upate bei ya mwananchi. Ukiwa juu angalia bahari ilivyo mbali, maana zamani maji yalifika pale chini ya ngome. Watu wamejaza taka na vifusi miaka na miaka ndiyo ikapatikana ile pwani ya sasa yenye majumba na ofisi. Jirani hapo kuna Msikiti wa Pwani, mihrabu yake ina maandishi ya mwaka 1370 hivi. Unaitwa Pwani na ukisimama mlangoni pwani huioni.

Kupotea usiogope. Mui, yaani mji, umelala kwenye mteremko na bahari iko mashariki. Ukichanganyikiwa tazama mtaro wa maji unaelekea wapi, ufuate, utatokea baharini.

SafariZaJumapili
Hiyo ya mtaro nilijaribu Desemba, mtaro ukaingia chini ya ukuta wa mtu nikabaki nimesimama kama mwizi, mama mmoja akafungua dirisha akacheka 😂 Lakini ni kweli ukiteremka tu unatokea.

Mimi nyongeza yangu ni moja, usikubali kutembezwa na mtu anayekudaka gatini. Wangu alinipitisha mji mzima kwa dakika hamsini, milango ya kuchonga tuliiona tukiwa mbio, kituo cha mwisho kikawa duka la vinyago la binamu yake. Kesho yake nikatembea peke yangu Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, nikaona mambo chungu nzima.

BintiLangoni
Shela achana nayo kabisa kaka, mchanga hata Malindi upo. MwanaAmu hapo juu ana shamba la maneno lakini hajakwambia la muhimu, yaani punda. Ukisikia "simile! simile!" nyuma yako usigeuke kutazama, panda kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba iliyo karibu. Punda aliyepakiwa mifuko ya mchanga hapishi mtu, na kona za mtaa wa Mkomani ni nyembamba.

Ukishafika huko Mkomani inua kichwa. Utaona vyumba vimepita juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine, hiyo ni wikio, wanawake walikuwa wanapita huko wasionekane barabarani. Mimi nimekulia mjini hapa na bado nikipita chini yake napunguza mwendo, kuna ubaridi fulani. Kisha kama una dakika kumi ingia ile Posta ya Wajerumani, walifungua 1888 wakati wana mambo yao na sultani wa Witu, 1891 wakafunga. Chumba tu, lakini kinachekesha.

Riyadha iko huku kwetu Langoni. Tazama kwa nje kama huji kuswali, na Ijumaa usimpige mtu picha bila kuomba. Suruali ndefu. Chakula nenda baada ya swala, wali wa nazi, samaki, juisi ya ukwaju. Usiku ndio mishkaki na mikate ya mofa, hayo hutayapata, pole.

Mtaita_Mzima
Nimerudi na ripoti. Zile sahihi mbili tatu zilinichukua mpaka saa sita kasorobo! Ngome nikaipata, nikapanda juu, nikaona mabati na makuti na bahari kweli iko mbali. Nilipotoka adhana ikaanza, maduka paa paa yakafungwa, nikawa sina pa kwenda nikakaa Mkunguni. Mzee mmoja ambaye alikuwa anakunja bao lake kwenda kuswali akanambia "kaa hapo usiondoke, ntarudi", nikadhani ni maneno tu, karudi kweli na birika la kahawa tungu na kipande cha halwa. Tumeongea mpaka saa nane na nusu. Wikio nimeiona moja, nikasimama chini yake, na punda akanipaka chokaa begi zima kwa sababu niligeuka kutazama. Posta, Riyadha, Shela, sikuona hata kimoja.

Nikakimbilia boti, Mokowe nimefika saa kumi kasoro dakika tano natoka jasho. Dereva katokea saa kumi na moja kasorobo, alikwenda kula samaki.

MwanaAmu
Yule mzee wa bao ni jirani yangu. Anauliza unarudi lini.