Mrejesho: matembezi ya Lamu–Shela na kupima presha

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kikundi cha kutembea kutoka Lamu mjini hadi kijiji cha Shela kiendeshwe vipi, na presha ipimwe lini. Ushauri wenu umefanya kazi.

Kuondoka saa ileile kila siku tumeacha. Maji ya bahari kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yakijaa hufunika njia ya ufukweni. Sasa tunafuata jedwali la maji: tunaondoka yakiwa yanapwa, ili kurudi kuishe kabla hayajaanza kupanda tena. Hapo mchanga una unyevu na ni mgumu. Mkavu huchosha misuli ya nyuma ya mguu bure.

Presha hupimwa kabla ya kutembea. Mtu hukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono usawa wa moyo. Kahawa iwe imepita nusu saa, na hilo kwetu ndilo gumu! Hupimwa mara mbili, dakika moja katikati. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwenye mkono mnene husoma juu. Tuliponunua mpana, "presha" za baadhi zilishuka palepale. Anayepata 180/110 au zaidi hata baada ya kurudia hatembei, anapelekwa hospitali.

Wenye kisukari huvaa viatu vya kufunika, maana mguu wenye ganzi hausikii ukichomwa na tumbawe. Wanaotumia insulini hubeba tende, sukari isije ikashuka njiani.

Kilichobaki ni kivuli cha meza ya kupimia. Turubai haliwezi upepo wa kusi. Mwenye mbinu anieleze.