Chupa ya Mtungini

WANA WA MZEE KIBWANA 🌴
Jumanne

Da Zuhura (17:08): Assalam aleikum wote. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho na asinijibu kwa dole. Mama hajachoma sindano ya sukari tangu Jumapili.

Da Zuhura (17:08): Narudia. TANGU JUMAPILI.

Da Zuhura (17:19): Nimeangalia, watu kumi na wanne mmeshasoma. Mko kimya kama mko msibani.

Juma (17:21): Waaleikum salaam. Nani kasema hajachoma?

Da Zuhura (17:23): Aisha. Kafunua mtungi wa kupozea dawa, chupa iko vilevile haijapungua. Mama anakunywa maji ya bamia. Kuna mama wa Mwanza kaandika Facebook kwamba aliacha sindano, akanywa bamia siku 21, sukari ikashuka mpaka 5. Mama kaamini.

Juma (17:24): Bamia tulizokuwa tunazificha chini ya mkeka leo ni dawa 😂

Khadija (17:25): Zako zilikuwa zinaliwa na paka wa Bi Tatu 😂😂

Juma (17:25): Na yule paka hakuugua sukari hata siku moja

Da Zuhura (17:26): Jamani. Mama ana umri wa miaka 67. Sindano ni asubuhi na jioni. Hesabuni wenyewe kakosa ngapi.

Kaka Rashidi Muscat (17:40): Mimi Ijumaa nilituma laki moja ya dawa.

Da Zuhura (17:41): Dawa gani, kaka?

Kaka Rashidi Muscat (17:44): Mama akiniambia dawa nimuulize dawa gani? Kwani mimi ni mpokea risiti?

Da Zuhura (17:46): Elfu themanini na tano imekwenda kwa huyo mama wa Mwanza. Bamia ni za kuanzia, halafu eti kuna unga wa kumalizia. Unga haujafika na simu haipokelewi.

Kaka Rashidi Muscat (17:47): 😳

Mjomba Shaabani (17:52): Habari za jioni wanangu. Nani ana namba ya fundi wa paa?

Da Zuhura (17:53): Mjomba shikamoo, nitakutumia pembeni.

Da Zuhura (18:01): Sasa nisikilizeni. Nimekaa na habari ya huyo mama tangu saa sita mchana. Kuna sentensi yake, "nililala na kilio nikaamka na kicheko". Nimeitafuta peke yake. Imetoka kwenye kurasa nne. Kwingine ni mama wa Mwanza, kwingine mzee wa Kigoma, kwingine dada wa Mombasa, tena huyo kapona vidonda vya tumbo. Maneno yaleyale, mpaka makosa ya kuandika ni yaleyale. Nikamuuliza kwa adabu: dada, ulikuwa unachoma dawa gani, na mara ya mwisho ulipima wapi? Akanijibu namba ya simu na bei. Nikajifanya nalipa. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni la mwanamume.

Juma (18:03): Mama wa Mwanza ana ndevu 😂😂😂

Khadija (18:03): Juma acha bwana nimecheka kwenye kikao

Da Zuhura (18:05): Chekeni. Ninachotaka ni vitu vitatu. Halima aende kumpima leo. Mtu mwenye gari ampeleke kliniki Alhamisi. Na kila mmoja atoe elfu ishirini tununue vijiti vya kupimia, maana vimekwisha tangu mwezi uliopita na hakuna aliyesema.

Da Zuhura (18:20): Halima?

Da Zuhura (18:20): Juma, gari?

Halima nesi (18:34): Shikamooni, nilikuwa zamu. Da Zuhura hili lisingoje. Naazima mashine hapa kazini nakwenda mwenyewe. Aisha, akianza kutapika, au kuhema harakaharaka, au pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana, msinisubiri, chukueni bodaboda au bajaji moja kwa moja hospitali. Umesikia mwanangu?

Aisha (simu ya Bibi) (18:35): Ndio mama mdogo. Anakojoa sana na maji anakunywa sana. Hajatapika

Halima nesi (18:37): Sawa. Bamia asikatazwe, ni mboga nzuri. Ila haikai mahali pa sindano. Na mtu wa kweli anaweza kuandika habari kama ile bila kudanganya. Wako wenye kisukari cha aina ya pili wakipunguza uzito na kubadili chakula sukari inashuka hasa. Lakini ya kwake ni aina gani, alikuwa anatumia nini, miezi sita baadaye ikoje? Kipimo cha kidole ni cha saa ile tu. Tuna kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, hicho hutakiona kwenye hizo habari. Na ule ujumbe wa simu wa kuomba pesa upelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli, msiufute.

Rehema wa Salimu (18:58): Shikamooni. Nilikuwa kwenye daladala. Naomba niseme kidogo msinikasirikie. Nasri alipozaliwa na mguu umepinda, hapo nyumbani niliambiwa ni kijicho, nikaambiwa ningoje, akianza kutembea utanyooka. Saa nane za usiku nikakuta mama mmoja wa Morogoro kasimulia habari za mwanawe. Kautaja ugonjwa kwa jina, mguu kifundo. Kasema plasta inabadilishwa kila wiki, halafu vinakuja viatu vyenye chuma katikati, mtoto analala navyo mpaka miaka minne au mitano. Kasema siku mbili za mwanzo mtoto atalia na wewe utalia. Hakuomba hata senti. Kasema nendeni hospitali ya CCBRT mkaulize. Nikaenda mtoto akiwa na wiki tatu. Yule mama simjui mpaka leo na kila Ijumaa namwombea dua. Kwa hiyo mkisema wanaosimulia huko wote ni matapeli mnanikosea mimi.

Salimu (18:59): 🙏🏾

Juma (19:00): Hapo kweli. Nasri kanipiga tobo juzi mbele za watu, sijapona

Da Zuhura (19:02): Rehema hakuna aliyesema wote. Wako alikupeleka kwa daktari. Huyu wa Mama kamtoa.

Kassim (19:06): Da Zuhura leo umejua kukagua.

Da Zuhura (19:07): Una maana gani?

Kassim (19:09): 2011 ulikagua? Coaster ya Samunge, kwa Babu wa Loliondo aliyekuwa anatoa dawa ya kikombe, nani alikodi? Nani alikuja na habari kwamba kuna mtu kamsikia kwenye basi kapona presha kwa kikombe cha shilingi mia tano? Baba aliondoka anatembea. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nilipoishia mnapajua.

Khadija (19:09): Kassim sio hapa

Kassim (19:10): Wapi sasa? Miaka yote ni "sio hapa".

Da Zuhura (19:12): [Ujumbe huu umefutwa]

Mjomba Shaabani (19:15): Fundi anaitwa nani?

Shangazi Mwanahawa (19:31): 🎤 4:06

Khadija (19:44): Kwa walio kazini, Shangazi kasema hivi, nimeandika kama alivyosema:

"Kassim mwanangu, Zuhura asisingiziwe. Gari alikodi yeye lakini safari ilikuwa ya kaka yangu, na mimi nilikuwa ubavuni kwake. Kutoka Mto wa Mbu mpaka kule ni vumbi na mawe. Mlima Oldoinyo Lengai tumeuona asubuhi na jioni mpaka tukauchoka. Tulilala kwenye foleni siku tatu, Waislamu kwa Wakristo, matajiri wanapita juu na helikopta. Mbele yetu alikuwepo mwanamke wa Babati. Yeye alishakunywa, sasa anampeleka mumewe. Akatuambia presha yangu imekwisha, nalala kama mtoto. Tumekula naye sahani moja. Alikuwa na jina na kwao, si mtu wa kwenye simu. Na hakutudanganya yule. Alikuwa anajisikia hivyo kweli. Kaka akatoa vidonge mfukoni akavimwaga barabarani, kikombe chenyewe hajakiona. Nilimwona. Sikusema neno. Alipoanguka, midomo yenu yote ikamwelekea Zuhura, na mimi nikanyamaza, miaka yote nimenyamaza. Arobaini ya kaka ilipopita nilimpigia yule mwanamke nimwambie. Akapokea mumewe. Akaniambia shangazi, tumemzika mwezi uliopita. Sasa nawauliza, hiyo habari yake ya pili nani aliwahi kuisimulia kwenye foleni? Mama yenu mwambieni mimi Mwanahawa nimesema achome sindano usiku huu. Wifi yangu ananijua, sijamwomba kitu tangu msiba."

Juma (19:50): Shikamoo Shangazi.

Salimu (19:50): Shikamoo Shangazi

Khadija (19:51): Shikamoo Shangazi 😭

Kassim (20:12): Da Zuhura nisamehe.

Da Zuhura (20:14): Tuendelee. Elfu ishirini nimepokea ya Salimu na Khadija tu. Gari la Alhamisi bado.

Aisha (simu ya Bibi) (20:22): Bibi kasikiliza sauti ya Shangazi. Kasema na yeye anataka kuongea

Aisha (simu ya Bibi) (20:25): 🎤 1:48

Khadija (20:29): Mama kasema:

"Nimewasikia. Mimi si mtoto. Yule aliyeandika, awe mwanamume awe jini, aliandika kwamba usiku miguu inawaka kama imekanyaga makaa, shuka likigusa kidole unataka kulia, na asubuhi watu wanakuuliza sukari ngapi. Nikasema huyu ananijua. Nyinyi mkipiga simu ni ngapi leo Mama, ngapi leo Mama. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalalaje. Pesa ya Rashidi nimepoteza, nitailipa kwa nazi. Lakini miguu inaniuma."

Kaka Rashidi Muscat (20:33): Mama pesa samehe kabisa. Nakupigia sasa hivi.

Rehema wa Salimu (20:34): Mama yangu 😢

Da Zuhura (20:40): Nami sikujua habari ya miguu. Wallahi sikujua.

Halima nesi (20:52): Nimefika. Imesoma 18.4. Mkojo nimepima, ketoni, ile dalili ya hatari ya kukosa sindano, hakuna alhamdulillah. Anahema vizuri, anaongea. Nimempigia daktari wa zamu, Mama kachoma dozi yake ya jioni kama kawaida. Miguu nimeiangalia yote miwili mpaka katikati ya vidole, kidonda hakuna. Kule kuwaka ni mishipa ya fahamu, sukari ikikaa juu muda mrefu inaiharibu. Dawa ya kupunguza ipo, Alhamisi asiache kumwambia daktari. Aisha nitakuandikia kwenye karatasi akaonyeshe, maana akifika pale atasema "sijambo".

Da Zuhura (20:53): Alhamdulillah. Na kesho asubuhi?

Halima nesi (20:55): Ya leo kakubali kwa ajili ya Shangazi. Ya kesho hajasema.

Aisha (simu ya Bibi) (20:56): Bibi anasema jagi la bamia lisimwagwe

Da Zuhura (20:57): Lisimwagwe.

Kaka Rashidi Muscat (21:10): Boksi la vijiti shilingi ngapi? Na kile kikundi cha Facebook Mama kajitoa?

Aisha (simu ya Bibi) (21:12): Hajajitoa. Kasema kuna dada mmoja mule hauzi kitu, wanaandikiana tu usiku wakikosa usingizi

Da Zuhura (21:14): Huyo niache kwanza nimfikirie.

Da Zuhura (21:15): Juma, gari Alhamisi saa kumi na moja alfajiri mlangoni kwa Mama. Ndiyo au hapana?

Mjomba Shaabani (21:22): Nimesoma yote sasa. Poleni sana. Mwambieni dada kesho nitapita.

Juma (21:40): 👍

Da Zuhura (21:41): Juma, hilo dole ni gari lipo au umeona tu?