Zawadi za Sikukuu kwa watoto wenye uhitaji Pemba: tununue nini, na tuzifikishe vipi?

Swali (kutoka Mpendae, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni kinamama tunaofanya kazi pamoja, na mwaka huu tumekubaliana kwamba badala ya kila mmoja kutoa sadaka yake kivyake, tuchangishane fungu moja tuwanunulie zawadi za Idi el-Fitri watoto wa shehia moja katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, ambako ndiko kwao mwenzetu mmoja. Mpaka sasa tumefikisha shilingi 1,500,000, na orodha tuliyoletewa ina watoto 30, wa chini kabisa akiwa na miaka 2 na mkubwa wao 16. Wengi ni mayatima wanaolelewa na bibi au shangazi zao. Waliobaki wana wazazi wote wawili, ila maisha yamewabana.

Shida yetu ni kwamba hatuafikiani juu ya cha kununua. Mmoja wetu anapendekeza tuchukue jora moja la kitambaa, watoto wote washonewe sare wapendeze pamoja. Mwengine anataka vitu vya kuchezea, kwa hoja kwamba nguo mtoto hupewa kwa lazima, lakini kitu cha kuchezea hukipata kwa nadra. Wapo wanaosema mabegi na madaftari ndiyo yenye manufaa ya kudumu, na yupo anayeona heri tugawe fedha taslimu yaishe. Naomba wenye uzoefu, hasa walioko Pemba, watushauri, kwani tungependa zawadi hizi zimfae mtoto mwenyewe, si kuturidhisha sisi watoaji. Naomba pia kufahamishwa kama mchango huu unaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo zaka yetu ya fitri.

Jibu la kwanza (mwalimu mstaafu, Wete)

Waalaykum salaam, wanangu. Naanza na hilo la mwisho kwa kuwa ni fupi. Zaka ya fitri ni chakula, nayo kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu visiwani hutolewa pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, ambayo huhesabiwa kuwa karibu kilo 2.5 za chakula kikuu, kwetu mchele, na inatakiwa iwafikie wanaostahiki kabla ya sala ya Idi. Gauni na mpira haviingii humo. Itoeni kando, na huu mchango wenu unuieni kuwa ni sadaka.

Kuhusu sare, nakusihini msifanye hivyo. Alasiri ya Sikukuu mtoto hutoka kwenda kiwanjani, iwe ni pale pale kijijini au, akipata wa kumchukua, Tibirinzi mjini Chake Chake, na huko kila mtoto anaangalia mwenzake kavaa nini. Watoto 30 waliovaa kitambaa kimoja watatambulikana kwa mbali kuwa ni wale waliovishwa, na wenzao hawatachelewa kuwaambia. Sare ya harusini ni raha kwa sababu aliyeivaa kaichagua mwenyewe na kailipia. Surat Al-Baqara, aya ya 264, inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi, nami naona sare ya namna hii ni simango linalotembea, hata kama aliyeitoa hakukusudia.

Madaftari yawekeeni akiba yake kwa mwezi wa Januari, skuli zinapoanza mwaka mpya. Hapo mzazi huwa anahangaika kweli, na msaada wenu utapokewa kwa mikono miwili. Sikukuu tumwacheni mtoto asherehekee.

Jibu la pili (fundi cherehani, Chake Chake)

Nakubaliana na mwalimu, na naongeza yanayohusu kazi yangu. Mkiamua nguo, msinunue kwa kutazama umri ulioandikwa kwenye orodha. Watoto wawili wa miaka 9 wanaweza kupishana kimo kwa kiasi kikubwa, na mtoto aliyepewa gauni linalombana makwapani hatalivaa zaidi ya mara moja, ila atasema ahsante na kunyamaza. Mwombeni mtu wa hapo kijijini awapime watoto kwa futi ya fundi: kifua, kiuno, urefu wa bega hadi pale nguo inapotakiwa kufika, na kwa anayetaka kofia, mzunguko wa kichwa. Papo hapo amuulize kila mtoto rangi anayoipenda, maana swali hilo dogo ndilo linaloifanya nguo iwe yake.

Kwa viatu kuna njia nyepesi. Mtoto asimame juu ya karatasi, uzito wote ukiwa miguuni, kisha mguu wake uchorwe kwa kalamu iliyosimama wima, yote miwili, kwani aghalabu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenziwe. Ongezeni sentimita 1 mbele ya vidole, kateni karatasi, andikeni jina nyuma yake na muende nazo dukani Darajani. Karatasi ikiingia ndani ya kiatu ikalala bila ya kujikunja ncha, hicho ndicho kipimo chake. Ikijikunja, chukueni namba inayofuata.

Zile nguo za lesi na neti zinazong'ara dukani zinawasha, na joto la huku mnalijua, kwa hiyo kitambaa kilicho karibu na mwili kiwe pamba, au angalau gauni liwe na bitana laini. Mwambieni fundi aache upindo mpana chini na kwenye mikono, ili mama au bibi aje kuufumua mtoto akirefuka, na nguo hiyo hiyo imfikishe Idi el-Hajj na pengine Sikukuu ya mwakani. Jengine ni wakati. Mafundi hupokea kazi za Sikukuu tangu kumi la kwanza la Ramadhani, na likifika kumi la mwisho wengi wetu hatupokei tena. Anayepokea wakati huo mara nyingi anaahidi asichokiweza.

Jibu la tatu (mtumishi wa ustawi wa jamii, Unguja)

Dada yangu, kabla ya kufikiria cha kununua, irudieni orodha yenu. Jina la yatima mmoja mliloandikiwa linaweza kuwa la mtoto anayelala chumba kimoja na watoto watatu wa shangazi yake, nao hali yao haitofautiani na yake kwa lolote isipokuwa kwamba baba yao yu hai. Mkimvisha huyo peke yake, asubuhi ya Idi atakuwa na nguo mpya mbele ya wenzake walioshika za zamani, na chuki itakayozaliwa humo ndani atabaki nayo yeye baada ya nyinyi kurudi Unguja. Nimeyaona haya katika nyumba nyingi, na hayamalizwi na nasaha. Kwa hivyo hesabuni kwa nyumba. Mwombeni sheha, pamoja na mwanamke mmoja anayeaminiwa pale mtaani, wakuelezeni kila nyumba ina watoto wangapi. Iwapo idadi itaongezeka hata fungu lisitoshe, ni bora mpunguze thamani ya kila zawadi au muchukue nyumba chache zaidi kuliko kumruka mtoto aliyemo ndani.

Jambo la pili ni wakubwa. Wachangiaji wengi humfikiria mtoto wa miaka 5 mwenye mashavu, kisha mwenye miaka 15 huambulia sabuni au hakosi kuambiwa kwamba yeye ameshakua. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na mimi nathubutu kusema kwamba hao wa miaka 13 hadi 17 ndio wanaoumia zaidi Sikukuu, kwa sababu wanaelewa kila kitu na wanaona haya kuomba. Mvulana wa umri huo mpeni shati au kanzu iliyomkaa sawasawa, au jezi ya timu anayoishabikia baada ya kumuuliza. Msichana mpeni mtandio mzuri na mafuta mazuri ya kujipaka, na ndani ya kifurushi chake mtieni nguo za ndani na pedi, vifungwe visionekane, na akabidhiwe na mwanamke.

Vya kuchezea msiviache kabisa, lakini vichagueni kwa macho mawili. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 epukeni chochote chenye vipande vidogo vinavyoweza kumkaba koo, yakiwemo maputo. Tazameni pia sehemu ya betri: zile betri ndogo za mviringo zikimezwa zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2, kwa hiyo kitu ambacho kifuniko cha betri yake kinafunguka bila ya bisibisi kirudisheni rafuni. Bunduki za plastiki zenye risasi za gololi zinapendwa sana siku hizi za Sikukuu, lakini hatari yake ni macho, na msizinunue. Mpira madhubuti unaomilikiwa na nyumba nzima, kamba ya kuruka, penseli za rangi na kitabu cha hadithi kwa Kiswahili vitatumika muda mrefu, na mpira huo huo wasichana watauchezea nage. Ulizeni kama kuna mtoto mwenye ulemavu, kwani huyo ndiye anayesahauliwa kwanza, na mlezi wake ndiye ajuaye anachoweza kukishika, kukisikia au kukiona.

La mwisho kwangu ni picha. Msiwapange watoto foleni mkawapiga picha wakipokea. Wachangiaji wenu wakitaka uthibitisho, vipigeni picha vitu vyenyewe kabla havijafungwa, na sheha asaini kwamba vimefika. Kisha vikabidhiwe kwa bibi au shangazi nyumbani kwake, nyumba kwa nyumba, baada ya tarawehe, ili asubuhi ya Idi mtoto avishwe na mlezi wake na ajue kwamba nguo imetoka kwao.

Jibu la nne (baba wa watoto wanne, Konde)

Mimi nataka kumtetea yule mwenzenu wa fedha, ingawa si fedha peke yake. Mtoto aliyevaa vizuri akafika kiwanjani mkono mtupu atasimama pembeni kuangalia wenzake wakibembea na kula aiskrimu. Kwetu Sikukuu ni siku nne, na mkono wa Sikukuu ndio unaomwezesha mtoto kununua ubuyu, juisi ya miwa na kipande cha pweza kama wengine. Tengeni kiasi kidogo kwa kila mtoto, kiwe cha noti za elfu moja na sarafu za mia tano, na mpeni mlezi ampe kidogo kidogo kila siku.

Mizigo msiichelewesheni. Boti zinazoshusha Mkoani hujaa katika kumi la mwisho kwa watu wanaorudi kwao kula Sikukuu, na kutoka Mkoani hadi Micheweni ni kukata kisiwa kizima, kusini hadi kaskazini.

Muulizaji anajibu

Mwalimu, kaka zangu na dada yangu, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimeyafikisha maelezo yenu kwa wenzangu na sare tumeiacha. Tumemwomba sheha, kupitia mwenzetu, aturudishie orodha mpya iliyohesabiwa kwa nyumba, na dada yake mwenzetu anayeishi hapo hapo ndiye atakayewapima watoto na kuchora miguu yao wiki ijayo. Tutatenga shilingi 5,000 za mkono wa Sikukuu kwa kila mtoto, na zitakazobaki zitakwenda kwenye nguo na viatu, pamoja na mpira mmoja kwa kila nyumba. Kama orodha itapanda kupita watoto 40, tutachangishana tena kabla ya mfungo kuanza. Fundi, nakuomba uniarifu kama utaweza kupokea magauni ya wasichana, kwani kushonea huko huko Pemba kutatuepusha na msongamano wa mizigo kwenye boti.