Pumu ya Bagram: nimepewa asilimia 10, nikate rufaa vipi?

kifua_kizito
Wakuu, salaam. Nilihudumu Bagram, Afghanistan, na jeshi la nchi kavu la Marekani, tukivuta moshi wa shimo la kuchomea taka. Nilipotoka jeshini pumu ikanianza. VA (idara ya Marekani ya maveterani) wamekubali kuwa chanzo chake ni utumishi, ila wamenipa asilimia 10 tu ya ulemavu. Barua inasema natumia inhela mara moja moja, wakati navuta kila siku asubuhi na usiku! Kifua kikibana sana, daktari wangu binafsi hunipa vidonge vya prednisoni, dawa ya steroidi. Mke wangu anasema niyaache haya, nije nidai upya baadaye. Mnanishauri nini?

sajenti_wa_balad
Pole sana mkuu. Usiyaache. Mwaka mmoja ukipita tangu tarehe ya barua bila kupinga, unaipoteza tarehe ya kuanzia malipo, na malimbikizo ya nyuma yanakwenda nayo.

VA hupima pumu kwa kanuni namba 6602. Inhela ya mara moja moja ni asilimia 10, ya kila siku ni 30, hata kama kipimo cha kupuliza kimetoka vizuri. Kigezo kimoja kinatosha. Prednisoni ya vidonge au sindano, duru tatu au zaidi kwa mwaka, ni 60. Kwa hiyo hivyo vidonge ndivyo uzito wa kesi yako.

Sasa niambie, VA wanazo karatasi za huyo daktari wako? Kama hawana, jaza fomu 20-0995, ile ya madai ya nyongeza, uziambatishe. Wengi hukimbilia 20-0996, mapitio ya afisa wa ngazi ya juu. Huyo haruhusiwi kupokea hata karatasi moja mpya. Anasoma faili kama lilivyokuwa siku ya uamuzi. Mimi pumu yangu niliitoa Balad, Iraki, na inaniuma kila nikiona mwenzetu amesubiri miezi kwenye njia ambayo ushahidi wake haukuweza kusomwa.

Duka la dawa wakupe orodha yenye tarehe za kila prednisoni na kila inhela. Mkeo naye ajaze fomu 21-10210, ile ya maelezo ya shahidi, aeleze usiku unavyokuwa. Anayoyaona yeye hakuna daktari anayeyaona.

mtu_wa_pwani
Sajenti kamaliza. Naongeza tu: DAV na VFW, vyama vya maveterani, wana wawakilishi wa kukusaidia bure, hata kama si mwanachama. Na pua je? Mafua sugu na sinusi sugu navyo vimo kwenye sheria ya PACT ya 2022, ile ya maveterani waliovuta moshi kama huo, hutakiwi kuthibitisha kuwa moshi ndio chanzo.

kifua_kizito
Asanteni sana. Karatasi za daktari hawana, nimehakikisha. Pua imeziba tangu nirudi, ila sijawahi kuidai. Naiweka humo humo kwenye 20-0995?

sajenti_wa_balad
Hapana, pua ni dai jipya: fomu 21-526EZ. Hiyo tuma peke yake, na kabla ya yote upate kipimo kinachotaja ugonjwa kwa jina.