Kontrakta mkuu anataka nisaini weva kabla cheki haijatoka, nisaini au nigome?

fundi_bodi
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaofanya ujenzi huku Marekani hasa Texas. Mimi ni sabkontrakta (fundi chini ya kontrakta mkuu) wa draywoli, yaani kuta za bodi za jasi, kwenye jengo la apatimenti hapa Dallas, tunalipwa kwa awamu kila mwezi. Mwezi huu nimepeleka invoisi ya kazi mpaka tarehe 20, dola 18,400, wakikata riteneji ya asilimia 10 (hela wanayoishikilia mpaka kazi iishe) natakiwa nipate 16,560. Sasa jana ofisi ya kontrakta mkuu wamenitumia karatasi, wanasema saini uturudishie ndo cheki itoke. Ni weva ya lieni, yaani karatasi ya kuachia haki yangu ya kulishikilia jengo nisipolipwa, na imeandikwa kabisa ni ile isiyo na masharti, ndani inasema mimi NIMESHALIPWA wakati sijaona hata senti. Halafu tarehe waliyojaza ni mpaka 31 na vijana wangu bado wako floo ya tatu wanapiga bodi. Kuna na chenji oda (kazi ya mabadiliko nje ya mkataba wa mwanzo) ya dola 2,900, walituambia tubomoe ukuta tuusogeze, kazi tumemaliza lakini mpaka leo hawajaisaini. Nikimuuliza dada wa ofisini anasema huo ni utaratibu tu kila mtu anasaini. Je nikisaini nabaki na nini mkononi? Na nikigoma si ndo watanikalisha na mishahara ya vijana Ijumaa hii?

mzee_wa_nondo
Saini kaka, usiwe na wasiwasi, hizo karatasi tunasaini kila mwezi na hela inaingia. Ukianza kubishana na ofisi mradi ujao hawakupigii simu.

dada_wa_invoisi
Mzee wa nondo shikamoo lakini hapo hapana, tusimpoteze mwenzetu. Mimi kazi yangu ni hizo hizo karatasi, kila mwisho wa mwezi nakusanya weva za masab (masabkontrakta), kwahiyo niseme kidogo.

fundi_bodi, kwanza elewa unachotoa. Lieni ndo kamba yako pekee kwenye lile jengo, usipolipwa unaisajili kaunti na mwenye jengo hawezi kuuza wala kuchukua mkopo mpya kwa amani mpaka muelewane. Weva ni wewe kukata hiyo kamba kwa maandishi. Na fomu ya Texas haikati lieni peke yake, isome taratibu, inasema unaachia na haki kwenye bondi ya malipo (dhamana ya kwamba mafundi na masuplaya watalipwa) na dai LOLOTE la malipo kwa kazi hiyo. Watu wengi wanadhani wakisaini wanabaki na haki ya kudai kwa njia nyingine, sio hivyo.

Sheria ya Texas (Property Code chapta 53) ina fomu nne zimeandikwa neno kwa neno, mbili za malipo ya awamu na mbili za malipo ya mwisho, kila pea ina yenye sharti na isiyo na sharti. Yenye sharti inasema hivi: nikipokea cheki ya kiasi fulani kutoka kwa fulani NA benki ikailipa, hapo ndo haki zangu zinaachiwa. Cheki ikirudi, karatasi haina nguvu. Isiyo na sharti inakubana pale pale unapoweka saini. Na juu ya hiyo isiyo na sharti sheria imelazimisha onyo liandikwe, kwamba ni marufuku mtu kukutaka usaini kama hujalipwa hicho kiasi, kama hujalipwa tumia yenye sharti. Yaani karatasi yenyewe waliyokutumia, kama ni fomu halali, inawakataza kufanya wanachofanya 😅

Cha kufanya: usigome. Ukigoma wanasema sab ndo amechelewesha. Wewe wajibu kwa imeili, waambie nimeambatanisha weva yenye sharti ya malipo haya ya 16,560, cheki ikipita benki siku hiyo hiyo nawapa isiyo na sharti. Hapo hawana la kusema, benki ya mwenye jengo na kampuni ya taito (wanaokagua hati za umiliki wa jengo) wanapokea hiyo mwezi kwa mwezi. Ofisi nyingi zilizonyooka utaratibu wao ndo huo, invoisi ya mwezi huu inaenda na weva yenye sharti ya mwezi huu pamoja na isiyo na sharti ya mwezi uliopita ambao hela yake umeshaila.

Tarehe sasa. Fomu ya Texas kwenye malipo ya awamu inafunga kazi iliyo kwenye invoisi uliyoambatanisha, haina hata mstari wa "mpaka tarehe fulani", kwahiyo hiyo yao inaonekana wameitunga wenyewe au wameitoa steti nyingine. Sheria inataka weva ifanane na fomu yake ndo iwe na nguvu, lakini usije ukasaini kwa kutegemea hilo, kwenda kubishana mahakamani kwamba fomu haikufanana ni hela na muda. Tumia ya sheria, ambatanisha invoisi yako inayoishia 20, basi, floo ya tatu itaingia mwezi ujao.

fundi_bodi
Dada ubarikiwe sana. Sasa chenji oda na riteneji je? Na suplaya wa bodi namdai hapana yeye ndo ananidai mimi, kama 5,000 hivi, hela hii ikiingia nilikua nilipe vijana kwanza yeye asubiri kidogo.

dada_wa_invoisi
Fomu ya awamu inaacha nje riteneji ambayo haijalipwa na mabadiliko ambayo bado yanasubiri, ipo kwenye maneno yake. Ila mimi huwa naambia watu waandike kabisa kwenye invoisi, "chenji oda ya kusogeza ukuta dola 2,900 haijalipwa, haimo kwenye malipo haya". Na leo tuma imeili ya kuulizia saini yake, ile waliyokuambia kwa mdomo saiti itakuja kukanwa.

Suplaya hapo kuwa makini. Ukisaini unatoa ahadi kwamba umeshalipa au utatumia hela hii kuwalipa haraka vibarua wako, masab wako na masuplaya wa kazi hiyo. Sio mapambo. Na yeye ana haki yake ya lieni kwenye jengo hilo hilo, akiitumia kontrakta mkuu anakuja kwako na karatasi uliyosaini. Kama hela haitoshi wote omba waandike cheki ya majina mawili, lako na lake, kwa ile 5,000.

kasri_la_zege
Naongeza toka California, huku nako fomu ni nne, za sasa ni za tangu Julai 2012 sheria ilivyopangwa upya, tofauti ni kwamba yetu ina mstari wa tarehe kweli na kosa linaingilia hapo hapo. Kontrakta anajaza mwisho wa mwezi, wewe umebili katikati ya mwezi, unasaini bila kuangalia. Huku onyo lake ni kali zaidi, linasema karatasi hii inakubana ukishasaini HATA KAMA hujalipwa. Kwahiyo mtu asichukue fomu ya steti moja akaitumia nyingine. Georgia ndo kiboko, kule ukishatoa weva halafu hujalipwa, siku 90 zikipita bila wewe kusajili hati ya kiapo kwamba hujalipwa, unahesabiwa umelipwa. Jamaa wa Atlanta wekeni alamu.

mzee_wa_nondo
Haya nimesoma, sikujua hilo la onyo. Lakini notari (ofisa anayeshuhudia saini) je? Mimi nakumbuka Texas zilikua zinagongwa muhuri wa notari, sasa Ijumaa notari anamtoa wapi.

dada_wa_invoisi
Mikataba ya kuanzia Januari 1, 2022 haihitaji notari tena kwenye weva mzee wangu, saini inatosha. Inayohesabika ni tarehe ya mkataba wa mwenye jengo na kontrakta mkuu, sio wa kwako.

upande_wa_pili
Mimi nipo upande wa kontrakta mkuu, msituone wabaya wote. Mwenye jengo anaogopa kulipa mara mbili, ametulipa sisi halafu sab ambaye hakulipwa anaweka lieni, ndo maana benki haitoi droo (awamu ya mkopo wa ujenzi) bila weva za kila mtu. Dada wa ofisini pengine kapewa folda ya fomu na hajui tofauti yake. Mpigie simu kwanza kabla ya imeili kali, mara nyingi anabadilisha ndani ya dakika tano. Akikataa hata baada ya kumuonyesha onyo la sheria, hapo ndo uanze kujiuliza hela ya droo ipo kweli.

fundi_bodi
Nimepiga, kasema atumiwe hiyo yenye sharti atampelekea bosi wake, ya chenji oda kasema hajui chochote muulize msimamizi wa mradi. Nauliza la mwisho, kama wakizungusha mpaka mwezi ujao lieni yangu ina muda gani?

dada_wa_invoisi
Sab kwenye jengo lisilo nyumba ya mtu binafsi ya kuishi, notisi ya madai kwa mwenye jengo na kontrakta mkuu iende isizidi tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada ya mwezi uliofanya kazi, kila mwezi wa kazi una hesabu yake. Kuisajili lieni yenyewe mwisho ni tarehe 15 ya mwezi wa nne baada ya mwezi wa mwisho wa kazi yako pale. Ukikaribia huko ongea na wakili wa ujenzi, usisubiri wiki ya mwisho. Na ya chenji oda mtumie msimamizi leo leo, weka picha za ule ukuta na tarehe.