Laini ya geji ya presha ya oili: nailoni, kopa au hosi ya wavu wa chuma?

Gia_ya_Tano
Wakuu, nina kigari cha spoti cha viti viwili, injini mbele. Tundu la swichi ya oili liko upande uleule wa ekzosi. Nimenunua geji ya mekanika, ile ambayo oili yenyewe inapanda hadi nyuma ya saa, yaani uso wa geji kwenye dashibodi. Ndani ya boksi kuna mrija mwembamba wa nailoni wa inchi 1/8 na vipete vya kubana. Kusema kweli mrija huo haunipi usingizi.

Taa ya dashibodi siitegemei. Swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka hadi kama bar 0.3 au 0.5, na kwa gari linalokimbizwa hapo beringi zimeshaumia. Nataka sindano. Swali langu ni laini tu: nibaki na nailoni, nitafute kopa, au niingie kwenye hosi ya wavu wa chuma? Ukuta wa injini, ule unaoitenga na chumba cha dereva, tayari una tundu, ila kutoka kwenye bloku hadi hapo laini itapita karibu na manifoldi ya ekzosi.

Spana_Kumi
Kopa. Swali linalofuata.

Bi_Torki
Spana_Kumi, punguza mwendo. Kopa haiogopi joto, hapo tuko pamoja. Adui yake ni mtikisiko. Injini imekaa juu ya maunti za raba, kila ukikanyaga mafuta inajipindua kidogo, na body imetulia. Paipu iliyofungwa kwenye vyote viwili inakunjwa mara maelfu kwa maelfu. Kopa ikikunjwa hivyo inakuwa ngumu, kisha inapata ufa, na ufa huo karibu kila mara unatokea palepale paipu inapotoka kwenye nati.

Ukiamua kopa, izungushe mizunguko miwili mitatu mipana kati ya bloku na ukuta ili mtikisiko ugawanyike kwenye urefu wote. Mizunguko isigusane, maana itasagana yenyewe. Na kama paipu ilishawahi kufungwa kwenye gari lingine, ipashe moto hadi iwe nyekundu ya kufifia, iache ipoe, ndipo uipinde. Inarudi kuwa laini.

Kamshafti
Mimi nitaitetea nailoni kidogo kwa sababu inasingiziwa mengi. Watu wanasema oili ya moto itaiyeyusha. Si kweli. Laini ya geji haina mzunguko, ni kichochoro kisicho na njia ya kutokea. Oili ikishaingia mle inakaa, inapoa, inafikisha presha tu. Joto linaloiua nailoni linatoka nje: manifoldi, bomba la ekzosi, au mtu kaibana kwenye kona kali ya bati. Gari ambalo tundu lake liko upande wa pili wa ekzosi linaweza kuishi na nailoni miaka mingi, alimradi mrija uangaliwe, kwa sababu unazeeka na kuwa mkavu wa kukatika.

Lakini kwa maelezo yako Gia, upande wa manifoldi, hapana. Usiiweke.

Gia_ya_Tano
Nimeelewa, nailoni nje. Kwa hiyo hosi ya wavu? Naona namba za AN-3 na AN-4, yaani saizi za hosi na fitingi zake, ipi inatosha?

Kamshafti
AN-3 inatosha na kubaki. Hakuna oili inayosafiri humo, kwa hiyo upana haukuongezei kitu. Tafuta iliyo na PTFE (teflon) ndani, hiyo inavumilia joto hadi kama nyuzi 260, nje wavu wa chuma cha pua. Ila mambo mawili watu huyasahau. Kwanza, wavu ule ni msumeno. Ukigusa mpira wa redieta au waya na gari likitikisika, unakata polepole bila huruma. Pili, ni chuma, unapitisha umeme. Ukipita karibu na nguzo ya stata, pale waya wa betri unapofungwa, na ukaigusa, utakuwa na cheche na oili mahali pamoja. Nunua yenye ganda la plastiki juu, au ivishe mwenyewe, na uifunge kwa klipu zenye raba.

Waya_Mwekundu
Naingilia kati. Kwa nini mnaingiza oili yenye presha ndani ya chumba cha dereva kabisa? Sensa ya umeme ya kisasa ya bar 10 inatoa volti 0.5 hadi 4.5, unapitisha waya tu, na hakuna siku utaoga oili ya moto magotini ukiwa kwenye kona. Hii hoja ya laini gani ingekwisha leo.

Mzee_Kabureta
Kijana wangu, hoja yako ya usalama ni nzito na siibishii. Lakini geji ya mekanika haitaki betri, haitaki kutafsiriwa. Ndani yake kuna kibomba kilichopindwa, presha ikiingia kinajaribu kunyooka, kinavuta sindano. Bourdon, mbunifu wa kibomba hicho, alisajili hataza yake Ufaransa mwaka 1849 na hadi leo hakuna cha kuongeza. Na sensa nazo zina maradhi yake. Ile kubwa nzito ya mtindo wa zamani ukiininginiza kwenye fitingi ya T ya shaba juu ya bloku, mtikisiko unaivunja shingoni, na hapo oili inamwagika yote chini. Hata hiyo inataka hosi fupi ili sensa ifungwe kwenye body, pamoja na waya wa asi (wa kurudisha umeme) ikiwa ni ya waya mmoja.

Sasa Gia, sikiliza. Magari ya spoti ya Uingereza ya zamani, MGB kwa mfano, yalilitatua jambo hili zamani: hosi fupi inayonyumbulika kutoka kwenye bloku hadi kwenye body, halafu kipaipu kigumu hadi kwenye saa. Kinachocheza kipewe kitu kinachocheza, kilichotulia kipewe paipu. Mimi ningefanya hivyo hivyo: AN-3 hadi kwenye ukuta wa injini, fitingi ya kupenya ukuta, kisha kopa nyuma ya dashibodi ambako hakuna kinachotikisika wala joto.

Kamshafti
Mzee, kwa heshima: umeongeza viungio viwili ambavyo havikuwepo. Kila kiungio ni mlango wa kuvuja, na kimoja umekiweka ndani, juu ya zulia. Mimi ningepitisha hosi nzima moja bila kuikata, raba ya kuziba kwenye tundu la ukuta, basi.

Mzee_Kabureta
Hosi nzima ukitaka kuvua dashibodi unavuta kila kitu. Lakini sawa, kila mtu na gari lake.

Bi_Torki
Mnabishana juu ya katikati, mimi naogopa mwisho wa kwenye bloku. Gia, injini yako ni ya wapi? Injini nyingi za Japani zina uzi wa BSP wa 1/8, geji nyingi zenye asili ya Marekani zinakuja na NPT ya 1/8, nazo ni aina mbili tofauti za uzi wa paipu. Kwa macho ni mapacha. BSP ina meno 28 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55, NPT ina 27 na nyuzi 60. Utaanza kwa mkono, itaingia kidogo vizuri, halafu itakaza ghafla, na wewe utadhani ni ule mkazo wa kawaida wa uzi uliosinyaa kuelekea ncha. Ukiongeza spana, unaharibu tundu. Kama kichwa cha filta ni cha aluminiamu, kinaweza kupasuka, kwa sababu uzi wa aina hiyo unafanya kazi kama kabari. Tafuta adapta sahihi kabla ya kununua hosi.

Tepu ya teflon iweke kwenye uzi uliosinyaa tu, acha jino la kwanza tupu ili kipande kisiingie ndani. Kwenye AN usiweke kabisa, pale kinachoziba ni koni kwa koni.

Na swichi ya taa usiitupe. Weka T, ibaki kazini. Huwezi kutazama sindano muda wote.

Waya_Mwekundu
Sawa, mmenishinda kwa wingi. Basi angalau awekewe kizuizi: fitingi yenye kitundu kama cha milimita 1. Laini ikikatika, oili inatoka taratibu, dereva ana muda wa kuzima injini.

Kamshafti
Hapo umenena. Na kikae upande wa bloku. Kikiwa nyuma ya saa, kitatuliza sindano tu. Laini ikikatika njiani hakisaidii lolote. Kwenye baridi kali sindano itapanda kwa uvivu kidogo, oili nzito kwenye kitundu kidogo. Si ugonjwa.

Gia_ya_Tano
Injini ni ya Japani, na fitingi ya kwenye boksi ni NPT. Bi Torki umeniokolea bloku. Nimeamua: adapta ya BSP, T na swichi yake, kizuizi, kisha AN-3 moja nzima yenye ganda hadi kwenye saa. Samahani Mzee, kopa nimeiacha. Je, hewa kwenye laini niitoe?

Mzee_Kabureta
Huna la kuniomba radhi. Hewa iache. Inabanwa hadi presha ileile ya oili, kwa hiyo kipimo hakibadiliki, sindano inakuwa tulivu zaidi tu. Tena ni oili kidogo zaidi isiyokaa juu ya miguu yako.

Spana_Kumi
Washa mara ya kwanza kabla hujarudisha saa kwenye dashibodi, kitambaa chini yake. Injini ikiwa baridi presha ndiyo iko juu kabisa, kiungio kibaya kitajionyesha mapema. Ukikaza nyuma ya saa tumia spana mbili, moja ishikilie shingo ya saa, ukiizungusha unapinda kibomba cha ndani. Bado nasema kopa.