MySpace iliangushwa na Facebook, au ilijiangusha yenyewe?

Mkazi wa Shangani
Ndugu zangu, salaam. Jana jioni kwenye kahawa hapa Mtwara nilisema kwamba mwaka 2006 MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, iliipita Google kwa kutembelewa nchini Marekani, kijana mmoja akacheka na kuniambia hizo ni hadithi za wazee. Naomba wenye kumbukumbu wanisaidie: iliangushwa na Facebook, au ilikuwa imekwisha kuoza ndani?

Korosho Ghafi
Hukusema uongo, kaka. MySpace ilianzishwa mwaka 2003 na Tom Anderson na Chris DeWolfe, na mwaka 2005 News Corp, kampuni ya vyombo vya habari ya Rupert Murdoch, ikainunua pamoja na kampuni mama yake kwa dola milioni 580. Kwa maoni yangu, ugonjwa ulianzia hapo. Mwaka uliofuata Google ilikubali kuilipa dola milioni 900 za matangazo kwa sharti kwamba idadi ya watembeleaji ifikie kiwango walichokubaliana, na tangu hapo matangazo yakabanana kila kona kama abiria wa daladala.

Mjukuu wa Mikindani
Matangazo nakubali, lakini usisahau mapambo. Wakati huo nilihudumu katika intaneti kafe ambayo laini yake ilikuwa nyembamba mno, na mteja alipofungua ukurasa wa rafiki yake zilitangulia nyota za kumetameta, kisha wimbo ukaanza kupiga bila kuombwa, huku nusu saa aliyolipia ikiyoyoma. Kila mwanachama aliupamba ukurasa wake apendavyo (na wengi wetu, tuseme ukweli, hatukujaliwa jicho la kupamba), ilhali Facebook ilikuwa nyeupe na buluu, nyepesi, kila mtu kwa jina lake halisi. Mei 2009 ikaipita MySpace hukohuko Marekani.

Mkazi wa Shangani
Ahsanteni sana. Sasa kijana anataka ushahidi: kurasa hizo bado zipo?

Korosho Ghafi
Jina lipo. Mwaka 2011 iliuzwa kwa takriban dola milioni 35, mwanamuziki Justin Timberlake akiwa miongoni mwa wanunuzi, na mwaka 2019 wenyewe walitangaza kwamba nyimbo, picha na video za zamani zilipotea walipokuwa wakihamisha seva. Mtafutie tu picha ya Tom mwenye fulana nyeupe, amegeuza shingo na kutabasamu. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa kwanza wa kila aliyejiunga.